Giuseppe Ungaretti na Tuzo ya Oklahoma ya 1970: Jinsi Ushairi wa Maneno Machache Unavyovuka Lugha

Mwanzoni mwa mwaka 1970 jopo la waandishi wa mataifa mbalimbali lilikutana katika mji wa Norman, jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, likakata shauri kumtunukia mshairi mmoja wa Kiitaliano tuzo mpya ya kimataifa ya fasihi. Mshairi huyo alikuwa Giuseppe Ungaretti, mzee wa miaka 82. Tuzo yenyewe haikuwa bado na sifa yo yote, kwa kuwa ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, nayo iliitwa kwa jina la jarida lililoiasisi, Books Abroad. Leo inajulikana kama Tuzo ya Neustadt, na wengi katika ulimwengu wa fasihi huiweka karibu sana na ile ya Nobel.

Tukio lile lina mambo ya kumfikirisha ye yote anayeshughulikia fasihi ya lugha isiyosomwa sana nje ya mipaka yake. Kiitaliano si lugha ndogo kwa historia yake. Hata hivyo, katika karne ya 20 mshairi wa Kiitaliano alisomwa katika lugha yake mwenyewe na watu wachache tu nje ya Italia. Isitoshe, Ungaretti hakuwa mtunzi wa riwaya wala wa tenzi ndefu, ambazo kisa chake chaweza kusimuliwa upya kwa lugha nyingine hata kama uzuri wa maneno umepotea njiani. Shairi lake maarufu kuliko yote lina maneno manne tu. Basi inafaa kuuliza: maneno manne yalisafiri vipi kutoka kwenye uwanja wa vita wa kaskazini mwa Italia hadi katika chuo kikuu cha Oklahoma, na ni nani waliyoyabeba?

Mtoto wa Iskandaria

Ungaretti alizaliwa Iskandaria, nchini Misri, mwezi wa Februari 1888. Wazazi wake walikuwa watu wa sehemu za Lucca, katika mkoa wa Toscana, waliohamia Misri kutafuta riziki. Baba yake, Antonio, alikuwa kibarua katika kazi za Mfereji wa Suez, akapatwa huko na maradhi yaliyomwua mwaka 1890, mtoto akiwa na miaka miwili. Mama yake, Maria Lunardini, alibaki na tanuri la mikate pembezoni mwa mji, mahali jangwa linapoanzia, na kwa mapato ya tanuri hilo alimsomesha mwanawe katika mojawapo ya shule bora za mji, ambamo masomo yalitolewa kwa Kifaransa. Katika nyumba hiyo alikuwamo pia yaya wa Kisudani. Kwa hiyo mtoto alikulia kati ya Kiitaliano cha watu wa Lucca nyumbani, Kifaransa shuleni na Kiarabu njiani.

Kumhesabu kwa sababu hiyo miongoni mwa waandishi wa Afrika kungekuwa kuzidisha mambo. Aliishi ndani ya jamii ya wahamiaji wa Kizungu, na lugha aliyochagua kutungia ilikuwa ya wazazi wake, ingawa nchi yao hakuwa ameiona mpaka alipokuwa mtu mzima. Lakini Iskandaria ilimpa mambo mawili yasiyotoka tena katika kazi yake. La kwanza ni jina la kitabu chake cha mwanzo. Marafiki zake wawili, wahandisi wa Kifaransa waliokuwa ndugu wa ukoo wa Thuile, walimsimulia habari za bandari ya kale iliyozama chini ya bahari, iliyokuwapo hata kabla ya mji wa Iskandaria kujengwa. Picha hiyo ya bandari isiyoonekana, ambamo mshairi hushuka na kurudi na kitu mkononi, ndiyo iliyozaa jina Il porto sepolto, yaani Bandari Iliyozikwa.

La pili ni rafiki. Mohammed Sceab alikuwa mwenzake wa shule. Mwaka 1912 Ungaretti alivuka bahari kwenda Paris kusoma, akahudhuria mafunzo ya mwanafalsafa Bergson, na vijana hao wawili wakaishi katika hoteli moja maskini kwenye njia iitwayo rue des Carmes. Sceab alijaribu kuwa Mfaransa hata kwa jina, akajiita Marcel. Mwaka 1913 alijiua. Shairi la kumkumbuka limo katika Il porto sepolto, na ni miongoni mwa mashairi machache ya Ulaya ya wakati ule yanayomtazama mwana wa nchi ya Kiarabu kwa macho ya rafiki aliye sawa naye, bila kumfanya pambo la nchi za mbali. Kijana huyo alikuwa ameacha lugha moja bila ya kupokelewa na nyingine. Na yule aliyebaki hai, ambaye naye hakuwa na uhakika wa nchi yake, ndiye aliyemwekea maneno.

Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, Ungaretti alikwenda kama askari wa kawaida wa miguu katika nyanda za mawe za Carso, karibu na mpaka wa Austria. Huko ndiko alikoanza kuandika mashairi yale mafupi kwenye vipande vya karatasi vilivyopatikana: kadi za posta, pembe za magazeti, karatasi za kufungia risasi. Ofisa mmoja kijana, Ettore Serra, akavipata, akavipanga na kuvipeleka kupigwa chapa katika mji wa Udine, Desemba 1916. Kitabu kilitoka katika nakala 80. Idadi hiyo inafaa kukumbukwa kila inapotajwa tuzo iliyokuja miaka 54 baadaye.

Mizani iliyofichwa

Ubora wa mashairi haya ulikuwa katika nini? Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili wa mapokeo, wenye vina, mizani na beti zilizokamilika, huenda akayaona mwanzoni kama vipande vilivyoanguka kutoka kwenye shairi lililopotea. Hayana vina. Hayana alama za vituo. Mshororo mmoja waweza kuwa neno moja tu, hata kiunganishi, likiwa limesimama peke yake katikati ya ukurasa mweupe. Kabla yake ushairi wa Kiitaliano ulikuwa umejaa fahari ya maneno, hasa kwa Gabriele D'Annunzio, ambaye sauti yake ilitawala miaka ile. Askari wa Carso hakuwa na nafasi ya fahari. Aliyekesha karibu na maiti ya mwenzake alihitaji neno ambalo lingeweza kubeba uzito wake lenyewe.

Hata hivyo wahakiki waliochunguza kwa makini waligundua jambo ambalo wanafunzi wa arudhi ya Kiswahili watalipenda. Shairi lile la maneno manne liitwalo Mattina, yaani Asubuhi, lililoandikwa Santa Maria la Longa mnamo Januari 1917, limegawanywa katika mishororo miwili. Mshororo wa kwanza una silabi nne na wa pili silabi tatu. Ukiiunganisha unapata mizani saba, na mizani saba ni mojawapo ya vipimo vya kale kabisa vya ushairi wa Kiitaliano. Vivyo hivyo shairi la Soldati, yaani Askari, la mwaka 1918, linalowafananisha wanajeshi na majani ya mti katika majira ya kupukutika. Kwa macho lina mishororo minne midogo. Kwa sikio lina miwili, kila mmoja wa mizani saba. Kipimo hakikutupwa. Kilivunjwa vipande, na vipande vikaachwa karibu karibu ili sikio liviunganishe.

Hoja hii ina uzito kwa sababu katika mabishano juu ya ushairi, hapa na kwingineko, mara nyingi husemwa kwamba mtunzi anayeacha umbo la mapokeo ameshindwa nalo. Mabishano kama hayo yalipamba moto katika Afrika ya Mashariki baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, na wako mpaka leo wasiokubali kuyaita mashairi yale mashairi. Kwa Ungaretti jibu lilikuja kutoka kwake mwenyewe. Katika Sentimento del tempo, yaani Hisia ya Wakati, kilichotoka mwaka 1933, alirudi waziwazi kwenye mshororo mkubwa wa mizani kumi na moja, ule wa Petrarca na Leopardi. Waliomsifu kwa kuvunja kanuni walishangaa. Yeye alikuwa amekwenda kuitafuta kanuni kwa njia ya chini, akaikuta pale pale wengine walipoiacha.

Mashairi hayo hayakuandikwa kwa mkupuo. Mattina ilipotungwa kwanza ilikuwa na maneno zaidi. Mshairi akayaondoa hata yakabaki manne. Alizirudia kazi zake kila zilipotolewa upya, akafuta, akahamisha, akabadili neno moja kwa jingine. Ufupi wake ulikuwa kazi ya mikono, kama ya fundi anayechonga mpaka mti uliobaki ni ule usioweza kuchongwa tena.

Maisha yaliyofuata hayakuwa safi yote, wala hayafai kusafishwa kwa ajili ya tuzo. Mwaka 1923 Il porto sepolto ilitolewa tena ikiwa na dibaji ya Benito Mussolini, na mwaka 1925 Ungaretti alikuwa mmojawapo wa waliotia sahihi tamko la wasomi waliouunga mkono ufashisti. Kuanzia mwaka 1937 alifundisha fasihi ya Kiitaliano katika Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili. Huko, mwaka 1939, alimzika mwanawe Antonietto, mtoto wa miaka tisa. Msiba huo ndio kiini cha Il dolore, yaani Uchungu, kitabu cha mwaka 1947. Alirejea Roma mwaka 1942 akapewa uprofesa katika chuo kikuu cha mji huo. Baada ya vita uprofesa huo ulitiliwa mashaka kwa sababu ya uhusiano wake wa zamani na utawala ulioanguka, lakini hatimaye akaachiwa. Mtu anaweza kuyapima mambo hayo atakavyo. Mashairi ya mahandakini, yaliyotangulia ufashisti kwa miaka, hayana hata mstari mmoja wa kuishangilia vita.

Walioyabeba maneno

Mwaka 1959 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa mshairi wa Kiitaliano, lakini si kwa Ungaretti. Aliyeipata alikuwa Salvatore Quasimodo, mtu wa Sicilia, mdogo kwake kwa miaka 13. Wahakiki wengi wa Italia walistaajabu waziwazi, kwani kwao waliostahili kutangulia walikuwa Ungaretti na Eugenio Montale. Montale aliipata zamu yake mwaka 1975. Ungaretti hakuipata kamwe.

Kwa nini basi jina lake lilifika mbali? Jibu halimo katika Kiitaliano chake. Limo katika orodha ya wafasiri wake, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa washairi wenyewe. Nchini Ufaransa Jean Chuzeville alitoa tafsiri mwaka 1939, na Jean Lescure akaifuatia mwaka 1954. Baadaye Philippe Jaccottet, mshairi wa Uswisi, alisimamia mkusanyo mkubwa wa Vie d'un homme uliotoka mwaka 1973, ambamo zimo pia tafsiri za Francis Ponge. Kwa Kijerumani alifasiriwa na Ingeborg Bachmann mwaka 1961, kisha na Paul Celan mwaka 1968. Kwa Kiingereza Allen Mandelbaum alitoa uteuzi mzuri mwaka 1958, ukiitwa Life of a Man. Kutoka nakala 80 za Udine hadi kitabu hicho cha Mandelbaum ilikuwa imepita miaka 42.

Si kwa bahati kwamba watu wa namna hiyo walimjia. Ungaretti alikuwa mfasiri kabla ya kufasiriwa. Alivitia katika Kiitaliano soneti arobaini za Shakespeare, kazi za Góngora na Mallarmé, Phèdre ya Racine, na maono ya William Blake. Aliandika mashairi kwa Kifaransa pia. Aliijua gharama ya kuvusha neno kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na waliomvusha yeye walijua kwamba mwenye kazi angetambua kama wamefanya vizuri.

Hapo mfasiri wa Mattina ana taabu ya pekee. Maana ya shairi yaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mtu anajazwa nuru na ukubwa usio na mipaka. Lakini sentensi hiyo si shairi. Katika Kiitaliano kitenzi na nomino vinaitana kwa sauti za m, n na irabu, hata sikio huona kwamba nuru na ukubwa ule ni kitu kimoja. Mfasiri wa Kiswahili angekutana na faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba kitenzi cha Kiswahili, kwa viambishi vyake, hubeba mtenda, wakati na tendo katika neno moja, jambo ambalo Kifaransa na Kiingereza hayaliwezi. Maneno manne yangeweza hata kupungua. Hasara ni kwamba neno la kueleza ule ukubwa uliofanywa kuwa kitu, si sifa ya kitu, halipatikani kwa urahisi. Ukuu linaelekea utukufu, upana linaelekea shamba, na ukomo lazima likanushwe kwanza ndipo lifae. Zoezi hilo lafaa kupewa wanafunzi wa tafsiri, kwa sababu halimruhusu mtu kujificha nyuma ya wingi wa maneno.

Jarida la mji mdogo

Upande wa pili wa habari ni wale walioipokea kazi hiyo. Books Abroad lilianzishwa mwaka 1927 na Roy Temple House, profesa wa lugha za kigeni katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 32. Kazi yake ilikuwa ndogo kwa sura: kuwapasha wasomaji habari za vitabu vilivyotolewa katika lugha nyingine, ambavyo magazeti makubwa ya New York hayakuvitazama. Norman ulikuwa mji wa uwanda wa nyasi, mbali na kila makao makuu ya uchapishaji. Jarida lilidumu kwa sababu walimu waliendelea kuandika mapitio mafupi, toleo baada ya toleo, na tangu miaka ya 1930 kurasa zake zilikuwa na mijadala juu ya uamuzi wa kamati ya Nobel na juu ya waandishi waliosahauliwa.

Mwaka 1967 uhariri ulimfikia Ivar Ivask. Huyu alizaliwa Riga mwaka 1927, baba Mwestonia na mama Mlatvia, akawa mkimbizi kwa sababu ya vita vya pili vya dunia, akafika Marekani mwaka 1949. Alikuwa mshairi mwenyewe, akiandika kwa Kiestonia na Kijerumani. Mtu ambaye lugha yake ilizungumzwa na watu wapatao milioni moja hakuhitaji kuelezwa maana ya kusahauliwa. Mwaka 1969 alipendekeza tuzo ambayo ingetolewa na chuo chake, isiyofungwa na lugha wala taifa wala aina ya utanzu, mradi mwandishi awe hai.

Namna yake ya kuchagua ilikuwa tofauti na ya Stockholm, ambako kamati ni ile ile na siri zake hufungwa kwa miaka 50. Kwa Tuzo ya Oklahoma jopo huundwa upya kila mara, nalo ni la waandishi. Kila mjumbe huleta jina moja tu, humtetea mtu wake mbele ya wenzake, kisha kura hupigwa kwa duru mpaka abaki mmoja. Mwandishi hawezi kujiombea, wala mchapishaji hawezi kumwombea. Kwa njia hiyo tuzo hutegemea sana ufasaha wa mjumbe mmoja aliyesoma kazi kwa undani. Mwaka 1970 aliyelileta jina la Ungaretti alikuwa Piero Bigongiari, mshairi na mhakiki wa Toscana. Fedha zilizotolewa zilikuwa dola 10,000. Siku hizi ni dola 50,000, pamoja na unyoya wa tai uliofuliwa kwa madini ya fedha. Jina la Neustadt lilitokana na familia ya Oklahoma iliyoiwekea tuzo akiba ya kudumu mwaka 1972, na jarida lenyewe likabadili jina mwaka 1977 kuwa World Literature Today.

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba macho ya majopo yale hayakuwa mabaya. Gabriel García Márquez aliipata mwaka 1972, miaka 10 kabla ya Nobel. Ponge, yule yule aliyemfasiri Ungaretti, aliipata mwaka 1974. Czesław Miłosz, Octavio Paz na Tomas Tranströmer nao walipitia Norman kabla ya Stockholm. Hadi tuzo ya mwaka 2024 Mwitaliano mwingine hakuwa ameipata.

Ungaretti alikwenda Marekani kuipokea mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari ya mwaka ule alikuwa ametunga shairi lake la mwisho. Sasa, katika umri ambao wengi hawatoki mlangoni, alisafiri hadi katikati ya bara lile, akasoma na kuzungumza. Aliugua katika safari hiyo, akarudishwa Italia, akapata nafuu kidogo. Alifariki Milano usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Juni 1970. Mazishi yalifanyika Roma tarehe 4 Juni, katika kanisa la San Lorenzo nje ya kuta za mji. Serikali ya Italia haikutuma mwakilishi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Books Abroad lilitoa toleo la kumuenzi.

Kanuni yenye mlango mmoja

Kuna sharti moja katika kanuni za tuzo hiyo ambalo wapenzi wa lugha za Afrika hawana budi kulisoma mara mbili. Kanuni, kama inavyosomeka leo, inamruhusu mwandishi wa lugha yo yote, ila inataka sehemu ya kutosha ya kazi yake iwe inapatikana kwa Kiingereza, lugha ambayo wajumbe huitumia katika mashauri yao. Sharti hilo halina hila ndani yake, kwani wajumbe hawawezi kuijadili kazi wasiyoweza kuisoma. Lakini matokeo yake yanaonekana. Miongoni mwa Waafrika walioipata ni Assia Djebar wa Aljeria mwaka 1996, Nuruddin Farah wa Somalia mwaka 1998, Mia Couto wa Msumbiji mwaka 2014 na Boubacar Boris Diop wa Senegali mwaka 2022. Djebar aliandika kwa Kifaransa, Farah kwa Kiingereza, Couto kwa Kireno. Diop peke yake ana riwaya katika lugha ya Kiafrika: Doomi Golo, iliyotoka Dakar kwa Kiwolofu mwaka 2003. Naye alilazimika kuiandika tena mwenyewe kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 2009, kabla ya Kiingereza kuifikia mwaka 2016. Kitabu chake kinachotajwa zaidi nje, Murambi, juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kiliandikwa moja kwa moja kwa Kifaransa.

Hata Nobel ya mwaka 2021, iliyompata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ilikuwa ya kazi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilikuja Kiswahilini mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Njia hiyo ni ya kurudi nyumbani. Iliyo haba ni ile ya kutoka.

Na njia ya kutoka, kwa Kezilahabi, ilipitia Italia kwanza. Mashairi ya Kichomi yalifasiriwa kwa Kiitaliano katika miaka ya 1980 na Elena Bertoncini Zúbková, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha mambo ya mashariki cha Naples. Msomaji wa Naples aliyekwisha kumsoma Ungaretti aliweza kukutana na mtu wa Ukerewe aliyeacha vina na mizani kwa sababu zake mwenyewe. Lakini Kiitaliano hakifungui mlango wa Norman. Uteuzi wa mashairi ya Kezilahabi kwa Kiingereza, Stray Truths, uliofanywa na Annmarie Drury, ulitoka mwaka 2015, miaka 41 baada ya Kichomi. Karibu sawasawa na miaka 42 aliyoingojea Ungaretti. Tofauti iko katika muda uliobaki. Baada ya kitabu cha Mandelbaum, Ungaretti aliishi miaka 12 zaidi, na wajumbe wa jopo walikuwa na wakati wa kumsoma. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na tuzo ile hupewa walio hai tu.